Mifupa ya Yusufu na Kigoda cha Shangazi

Jioni moja ya mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekatika na mchanga wa mitaa ya Isevya ukiwa bado mbichi, shangazi yangu alibisha hodi mlangoni pangu akiwa na fundo la nguo kichwani. Umri wake umepita miaka 80. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji wa Tabora, hakupanda pikipiki wala hakusindikizwa na mtu. Nilimpokea fundo lile, nikamwamkia, akaketi. Hakulia. Alisema maneno machache tu: "Mwanangu, wamechoma kigoda cha mama."

Kigoda hicho kilikuwa cha bibi yangu, mama wa marehemu baba na wa shangazi huyu. Kilichongwa kwa gogo moja la mninga, chenye miguu mitatu, na kilikuwa kimeng'aa kwa kukaliwa. Bibi alikikalia akichambua mlenda, akipepeta mtama, akinyonyesha watoto wake. Alikikalia pia alipokuwa akijifunza kusoma Agano Jipya, maana alikuwa Mkristo wa Kanisa la Moravian, aliyebatizwa akiwa mtu mzima kwa hiari yake mwenyewe. Hakukitolea kigoda kile sadaka hata siku moja, wala hakumwaga pombe juu yake. Kilikuwa kiti cha mama wa watu, basi.

Kisa cha kuchomwa kwake ni hiki. Mjukuu wa shangazi, kijana wa biashara ndogo, duka lake lilikuwa limefilisika, na mkewe alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili. Walikwenda kwenye nyumba moja ya maombi. Mhubiri hakuwauliza habari za madeni, wala hakumwuliza mama yule kama amepimwa na mganga wa hospitali. Aliwauliza ni nani aliye mzee kuliko wote katika ukoo, na ni kitu gani cha kale kilichomo nyumbani. Wakataja kigoda; wakamtaja bibi. Kigoda kikapelekwa mbele ya watu kikatiwa moto kwa shangwe, kikaitwa madhabahu ya mizimu. Kuhusu bibi mwenyewe ikasemwa kwamba yeye ndiye lango ambalo laana ya ukoo inapitia. Tangu siku hiyo chakula chake kikawekwa peke yake, na watoto wa nyumba ile wakakatazwa kumpelekea maji ya kunawa.

Ndugu msomaji, mimi si mwanatheolojia. Elimu yangu ni ya sekondari. Nimeitumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa nikiwa kati ya mafaili ya masjala, na saa za jioni nimetunga mashairi. Lakini nimebatizwa, nasoma Biblia, na nina macho. Kwa hiyo nasema waziwazi, katika kitabu hiki kinachohusu utamaduni wa taifa letu, kwamba mafundisho haya ya laana ya ukoo, jinsi yanavyohubiriwa siku hizi kwa vipaza sauti, si Ukristo. Ni ramli iliyovaa suti. Yanaitukana imani, yanaivunja jamaa, na mwisho wake yanamwaga damu ya wazee.

Naanza na ramli. Zamani katika Unyamwezi mtu aliyepatwa na msiba alikwenda kwa mfumu. Mfumu alipasua kuku, akayasoma matumbo yake, kisha akamwambia mgonjwa ama kwamba mizimu ya ukoo imekasirika, ama kwamba yuko mtu wa karibu anayemwendea vibaya. Wamisionari walipofika walilipinga jambo hilo, na katika hilo walikuwa na haki. Sasa tazama anachofanya mhubiri wetu wa leo. Hapasui kuku, anafunga macho. Hasomi matumbo, anasema ameonyeshwa. Lakini jawabu lake ni lile lile: wafu wako wamekukasirikia, na mzee wako aliye hai anawasaidia. Mfumu alipokea mbuzi au jembe; huyu anapokea bahasha. Wote wawili hawaulizi habari za mbu, wala za bei ya tumbaku, wala za mvua iliyochelewa, wala za mkopo uliochukuliwa bila hesabu. Wote wawili wanamtaja mkosaji ambaye hayupo kujitetea, au yupo lakini hana nguvu ya kujitetea. Je, tumetoka kwa mfumu ili tukaingie wapi?

Watasema kwamba Biblia ndiyo iliyowafundisha. Haya, tuifungue Biblia. Katika kitabu cha Ezekieli, sura ya 18, watu wa Israeli walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu chungu na watoto ndio waliotiwa ganzi meno. Mungu aliikataza methali hiyo isitumike tena. Alisema kila mtu atahukumiwa kwa tendo lake mwenyewe, mwana hatauchukua uovu wa baba wala baba uovu wa mwana. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali lile lile la mfumu: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Bwana Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake, kisha akamponya. Hakuita ukoo wa kipofu yule. Hakutaka kujua babu yake alizikwa wapi. Hakuchoma kiti cha mtu.

Najua lipo jibu lao lingine, nalo ni zito kidogo. Watanikumbusha Amri Kumi katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, ambapo imeandikwa kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Ni kweli imeandikwa. Lakini mbona wanafunga kitabu kabla ya kufika aya inayofuata? Hapo Mungu anasema kwamba rehema yake kwa wale wampendao ni ya maelfu. Bibi yangu alimpenda Mungu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wa wahubiri hawa. Ikiwa hesabu ya vizazi ndiyo wanayoitaka, basi wahesabu vizuri, wataona kwamba baraka ya mcha Mungu mmoja inakwenda mbali mno kuliko laana ya waovu wote wa ukoo. Tena katika sura hiyo hiyo, mistari michache mbele, iko amri ya kumheshimu baba na mama, nayo haikuwekewa kikomo kwamba heshima ikome macho ya mama yakiisha kuwa mekundu.

Iko habari nyingine katika Biblia ambayo sijaisikia hata mara moja katika vipaza sauti hivyo. Yusufu alipokaribia kufa huko Misri aliwaapisha ndugu zake kwamba siku Mungu atakapowatoa, wasiiache mifupa yake huko. Miaka ikapita, vizazi vikapita. Usiku wa kutoka, watu wakiwa na haraka na unga wao haujachachwa, Musa aliichukua mifupa ile. Taifa la Israeli likatembea jangwani miaka 40 likiwa na mifupa ya babu yao katika mizigo yake. Hakuna aliyesema mifupa ile ilikuwa lango la laana. Walikuwa wanaelekea mbele kwenye nchi mpya, na waliona hawawezi kufika wakiwa watu wazima kama wamemwacha mzee wao nyuma.

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kuielewa habari hiyo upesi kuliko wengine, kwa kuwa jambo linalofanana nayo lilipita hapa hapa. Mji wetu ulikua katika njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi walipanda bara mpaka Unyanyembe, na hapa njia iligawanyika, mmoja akaenda Ujiji, mwingine akaenda kaskazini kuelekea Nyanza. Kilomita chache kutoka hapa Isevya, huko Kwihara, iko nyumba ya makumbusho ya David Livingstone, mahali alipokaa mwaka 1872, akiagana na Stanley mwezi wa Machi na kuondoka mwezi wa Agosti kwenda kusini, safari ambayo hakurudi. Alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waafrika waliokuwa naye, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Mwingereza aitwaye Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone na amechelewa. Cameron aliwashauri wauzike mwili ule hapa hapa, kwa sababu njia ya pwani ilikuwa na hatari na watu wa njiani waliogopa kupitisha maiti katika nchi zao. Lilikuwa shauri la akili. Tena lilitoka kwa mzungu, wa taifa la marehemu mwenyewe. Wale Waafrika walikataa. Walipopata upinzani mbele ya safari, walifanya hila: wakatengeneza maiti ya bandia kwa mabua, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Mwezi wa Aprili ukazikwa London katika kanisa la Westminster, pamoja na wakuu wa Uingereza.

Dunia yote ya Kikristo iliwasifu watu wale, na hata leo inawasifu. Nami nauliza: walijifunza wapi? Ni kweli kwamba kati yao walikuwamo waliosomeshwa katika shule za misioni, na mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyesoma maneno ya maziko. Lakini kukataa kumwacha maiti wa mtu wako porini, kuona kwamba mzigo huo ni heshima wala si balaa, hilo walikuwa nalo kabla ya kushika kitabu. Ni adabu ya jamaa zetu. Ajabu iliyoje, kwamba Mwafrika akimheshimu mzungu aliyekufa anaitwa mwaminifu, lakini akimheshimu bibi yake aliyemzaa baba yake anaitwa mwabudu mizimu!

Hapa ndipo ninapoiona kasumba ya zamani ikirudi kwa mlango wa nyuma. Wakati wa ukoloni tuliambiwa kwamba yote ya wazee wetu ni giza. Tulipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alianzisha Wizara ya Utamaduni mwezi wa Desemba 1962, kwa kuwa aliona taifa lisilokuwa na utamaduni wake ni watu waliokusanyika tu wakakosa roho. Naye alikuwa Mkristo wa kweli, aliyefundisha katika shule ya Mtakatifu Maria papa hapa Tabora kabla ya kwenda masomoni Uingereza. Alikuwa mtoto wa mtemi, na hakuona haya kusema hivyo. Alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili, na alipofariki mwaka 1999 alizikwa kwao Butiama, yalipo makaburi ya wazazi wake. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba kulala karibu na mama yake kumemtoa katika Ukristo.

Tena hebu tulitazame neno lenyewe tunalomwitia Mungu. Katika Kiswahili tumeyachukua maneno mengi ya dini kutoka Kiarabu: kanisa, msalaba, sala, ibada. Lakini jina la Mwenyewe, Mungu, hatukuazima. Ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu anayetajwa katika lugha nyingi za nchi hii, na lilikuwa katika vinywa vya mababu kabla ya padri au mchungaji wa kwanza kukanyaga pwani. Kuomba ni neno letu. Kuokoa ni letu. Utakatifu umetokana na kutakata, neno letu. Mhubiri anayepaaza sauti kwamba mababu walimjua shetani tu, anatumia maneno ya mababu hao kumtaja Mungu. Angetaka kuwatupa kweli, ingembidi anyamaze.

Makanisa yenyewe ya kale yanajua jambo hili. Sisi Wamoravian tuna desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kuimba kati ya wafu wetu jua linapochomoza. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, wala haikuanzishwa na Wanyamwezi. Ndugu zetu Wakatoliki wana siku yao ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba. Mwaka 1939 Roma iliwaruhusu Wakristo wa China kutoa heshima kwa wazee wao waliofariki, baada ya mabishano ya karne mbili na zaidi, ikakubali kwamba kumheshimu babu si kumwabudu. Na katika Isevya yetu, ambamo nyumba moja huwa na Wakristo na Waislamu wa tumbo moja, nimekaa mara nyingi katika khitima ya ndugu yangu nikasikia marehemu akitajwa kwa dua. Je, hawa wote wamefunguliwa malango ya laana?

La hasha, sisemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Mtu anayewatetea wazee kwa uongo anawatukana pia. Njia hii ya misafara tunayojivunia ilipitisha meno ya ndovu na ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na miongoni mwa waliouza na waliomiliki watumwa walikuwamo Wanyamwezi, si wageni peke yao. Utumwa haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mtemi Mirambo, ambaye tunampa jina la shujaa, aliunguza vijiji vya watu. Mirambo huyo huyo alimpokea huko Urambo mwaka 1879 daktari Southon wa misioni ya London, akampa mahali pa kukaa, wala hakuwa Mkristo. Wazee ni watu. Wamo katika mizani kama sisi.

Wala sisemi kwamba Mkristo aende kaburini kumwomba bibi yake mvua au mtoto. Torati imekataza kuwauliza wafu, na Sauli alipokwenda kwa mwanamke wa Endori hakurudi na heri. Tambiko la kuwalisha wafu ili wasitudhuru, hilo Mkristo ameliacha, nami nimeliacha, na bibi yangu alikuwa ameliacha kabla yangu. Lakini kupepeta mtama ni kazi ya kutenga punje na makapi. Mtu anayemwaga ungo wote jalalani kwa sababu ameona makapi ndani yake hajawa msafi, amekuwa mwenye njaa. Hofu ya mizimu ni makapi. Kumheshimu mzazi, kumtunza mgonjwa, kubeba mzigo wa mwenzako anapochoka njiani, kutimiza neno ulilompa mtu aliyekufa, hizo ni punje. Na jambo la kusikitisha ni kwamba wahubiri hawa wamechagua kinyume: wameitupa heshima, wameibakiza hofu.

Hofu hiyo haikai bure. Msomaji mwenye umri wangu anazikumbuka habari za kanda hii ya magharibi na ya Nyanza. Serikali ilipofanya uchunguzi ilikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984, katika Tanzania Bara, watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa visa vya tuhuma za uchawi, na walio wengi walikuwa wanawake. Wengine walihukumiwa kwa rangi ya macho yao. Mama anayepika miaka 60 kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha macho yake yatakuwaje, kama si mekundu? Baadaye yalikuja mauaji ya ndugu zetu albino, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ile ilikuwa ya haki. Lakini nauliza wenzangu watumishi wa serikali: mpiga ramli akiacha usinga akashika kipaza sauti, akamtaja bibi wa watu mbele ya mkutano, tutasema hilo ni suala la imani, tupite?

Sitaki nionekane ninawadharau wanaokwenda kwenye nyumba hizo. Wengi wana shida za kweli, na mambo yamebadilika upesi kuliko walivyoweza kuyafuata. Zamani kijana alikuwa na shamba, na ukoo wake ulikuwa karibu. Leo yuko mjini katika chumba cha kupanga, ana deni la pikipiki, na hajui kwa nini bidhaa zake hazinunuliwi wakati za jirani zinanunuliwa. Soko halina uso. Ugonjwa hauna uso. Mtu anapokuja akampa tatizo lake uso, hata kama uso huo ni wa bibi yake, kijana anahisi ameelewa. Ndiyo maana uongo huu unauzika. Ni uongo unaofariji, na gharama yake hulipwa na mtu mwingine, asiyekuwamo mkutanoni.

Nilikwenda kumwona kijana yule. Alinipokea kwa adabu, akaniletea kiti. Nilipomwuliza juu ya bibi yake alisema, "Mjomba, sisi hatuna ugomvi na bibi. Tunapigana na roho iliyo nyuma yake." Nikamwambia, "Roho hiyo haili, wala haisikii baridi. Aliyelala na njaa nyumbani kwako ni bibi yako." Akainamisha kichwa. Sikumlaani. Miezi kadhaa baadaye nilisikia kwamba mkewe hatimaye alipelekwa hospitali, akakutwa na shinikizo la damu, akaanza kupewa dawa. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini mkosaji wa kweli alipokwisha kujulikana, hakuna aliyekuja Isevya kumwomba radhi mkosaji wa kusingiziwa. Usiku ule niliandika ubeti huu:

Aliyenibeba jana, leo namtupa miye,
Kwa chakula changu mwana, moshi umuunguziye,
Macho mekundu naona, mchawi nimuitiye,
Ni nani alaaniwe, bibi au mjukuu?

Basi nina maneno matatu ya kumalizia. La kwanza ni kwa wachungaji, mapadri na wainjilisti wa makanisa yetu ya zamani. Mmekaa kimya mno. Mnawaona waumini wenu wakitoroka mchana kwenda kusikiliza habari za laana, na badala ya kuwafundisha sura ya 18 ya Ezekieli, baadhi yenu mmeanza kuiga maneno hayo ili viti visibaki vitupu. Kanisa lililojaa kwa kuwatoa wazee nje limejaa nini?

La pili ni kwa serikali na viongozi wa mitaa na vijiji. Uhuru wa kuabudu ni mali ya kila raia, na hakuna anayeomba uguswe. Lakini kumtaja mtu hadharani kuwa chanzo cha magonjwa na vifo vya wenzake si ibada. Sheria ya uchawi ya nchi hii ni ya tangu mwaka 1928, nayo inakataza kumsingizia mtu uchawi. Itumike kwa aliyevaa ngozi na kwa aliyevaa tai.

La tatu ni kwetu jamaa, na ndilo kubwa. Mhubiri hana ufunguo wa nyumba yako. Hawezi kumtenga bibi mpaka wewe umtenge. Hawezi kuchoma kigoda mpaka mkono wa mtoto wa nyumba ile umkabidhi. Wapagazi wa zamani walikuwa na mizigo ya watu wengine vichwani, miezi mingi juani, kwa ujira mdogo, na walifika. Sisi tumepewa mzigo mmoja tu, wa mtu aliyetubeba kwanza, na tunataka kuutua kabla ya kufika kwa kuwa mtu ametuambia una pepo.

Pasaka iliyopita nilikwenda makaburini na shangazi. Ilikuwa bado giza, umande umelowesha majani, na watu walikuwa wakija na taa kutoka pande zote. Alisimama karibu na kaburi la mama yake akiimba kwa sauti ambayo sasa imekwaruza, na jua lilipotoka alifuta udongo kwenye msalaba kwa upindo wa kanga yake, kama mtu anavyompangusa mtoto uso. Hakuomba chochote kutoka kwa wafu. Njiani tukirudi nilimsikia akimwomba Mungu, kwa jina, kwa ajili ya mjukuu wake na mkewe. Anafanya hivyo kila siku.

Chumba chake kiko mbele, karibu na mlango. Kijana yule akitaka kuja, njia ya Isevya anaijua.